Kisa cha bloga aliyemwambia rais hajakomaa: kifungu 132 kilivyoanguka na kilichofuata

Kisa hiki ni cha kweli na kiko kwenye kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Kenya. Jina la mhusika nimeliondoa, na kituo alikoshikiliwa pia nimekiacha. Si siri kubwa hiyo, mtu aliyekuwa Twitter ya Kenya miaka ile atamjua kabla hajafika nusu, lakini ukishaweka jina tu watu wanaacha kujadili sheria wanaanza kumjadili mtu, analipwa na nani, kabila gani, mrengo gani, na mjadala unafia hapo. Kwa hiyo humu ndani ni Bloga tu. Rais namtaja kwa sababu alikuwa rais, na majaji nawataja kwa sababu hukumu zao ni mali ya umma.

Hali ilivyokuwa

Turudi Desemba 2014. Nchi ilikuwa imechafuka roho. Novemba 22 Al-Shabaab walisimamisha basi Mandera wakaua watu 28, siku kumi baadaye wakaua wengine 36 kwenye machimbo ya mawe hukohuko Mandera, serikali ikaleta mswada wa kurekebisha sheria za usalama mbiombio, ule uliopita bungeni Desemba 18 huku waheshimiwa wakichaniana makaratasi na kurushiana ngumi, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha kumfunga mtu miaka 3 au kumtoza hadi milioni 5 akichapisha mambo ya kutukana au ya kutisha yanayoweza kuleta hofu kwa umma. Hicho mahakama ilikifuta Februari 2015, lakini kinakuonyesha upepo ulikuwa unavuma wapi.

Kuna na lile jeraha la zamani. Baada ya uchaguzi wa 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa, na wakati ule meseji za simu za kuchochea makabila zilikuwa zinazunguka kama moto wa nyika. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ilizaliwa hapo na NCIC, tume ya kuisimamia, nayo ikazaliwa hapo. Naliweka hili mapema kwa makusudi manake watu wa uhuru wa kujieleza (mimi nikiwa mmoja wao) tunapenda kuongea kana kwamba serikali inadhibiti maneno kwa ukorofi tu. Hapana. Maneno yameua watu Kenya. Swali la kisa hiki ni kama maneno ya Bloga yalikuwa ya aina hiyo.

Wakati huo polisi walikuwa na vifungu vitatu walivyopenda kuvitumia kwa watu wa mitandaoni. Cha kwanza ni kifungu 29 cha sheria ya mawasiliano, matumizi mabaya ya mtambo wa mawasiliano, faini elfu 50 au miezi 3. Cha pili ni 194 cha Kanuni ya Adhabu, kashfa kama kosa la jinai. Na cha tatu ndicho chetu, 132 cha Kanuni hiyohiyo ya Adhabu, kuhujumu mamlaka ya ofisa wa umma, jela hadi miaka 3. Kanuni ya Adhabu yenyewe ilianza kutumika 1930, zama za gavana wa kikoloni, na ukisoma 132 unamsikia gavana bado anaongea.

Kilichotokea

Katikati ya Desemba ile Bloga aliandika twiti moja. Kwa Kiswahili maana yake ni hivi: kumtusi Raila ndicho Uhuru anachokiweza, hajatambua thamani ya urais, ni rais mwenye akili za kubalehe, kiti kile kinataka mtu aliyekomaa. Basi, imeisha. Hakuna kabila lililotajwa, hakuna aliyeambiwa achukue panga wala jiwe, hakuna madai ya wizi. Ni kumdharau rais hadharani, waziwazi, na kwa lugha ambayo mimi binafsi nisingeitumia lakini kwenye matatu yoyote ya Nairobi utasikia kali kuliko hiyo kabla hujafika stejini.

Akakamatwa, akafikishwa mbele ya hakimu, akasomewa shtaka la kifungu 132 na twiti yenyewe ikiwa ndani ya hati ya mashtaka neno kwa neno. Akakana. Kesi ikaanza kuvuta miguu kama kesi zinavyovuta.

Aprili 2016 kukatokea jambo kwenye kesi ya mtu mwingine kabisa. Kijana aliyeshtakiwa kwa posti ya Facebook chini ya kile kifungu 29 alikuwa ameenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba kifungu chenyewe kinavunja katiba, na Jaji Mumbi Ngugi akakubaliana naye akakifuta, akisema maneno kama "ya kuudhi kupindukia" na "ya kuleta usumbufu" hayana maana inayoeleweka, mtu hawezi kujua mapema ni lini amevuka mstari. Mwaka huohuo Bloga naye akapeleka ombi la kikatiba Mahakama Kuu, dhidi ya Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Februari 2017 kifungu 194 cha kashfa kikaanguka kwa Jaji Mativo. Na Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akatoa hukumu ya Bloga.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ni wa upande wa mashtaka, na hapa ndipo watu wengi hupita haraka. Kwa nini 132? Matamshi ya chuki chini ya sheria ya 2008 yanataka uonyeshe chuki ya kikabila, ya rangi na mambo ya namna hiyo, twiti ile haikuwa nayo hata kwa darubini. Kashfa ya jinai ingewalazimu kuongelea heshima ya rais kama mtu, na hapo mtuhumiwa anaweza kuanza kutaka kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli, hebu fikiria kesi ya hakimu inayobishana kama rais amekomaa au la. 132 haikuwa na kero hiyo. Ulihitaji maneno, ofisa wa umma, na dharau. Hii ni tafsiri yangu, hakuna mwendesha mashtaka aliyeandika sababu zake, lakini ukiviweka vifungu mezani pamoja unaona kwa nini mkono ulienda pale.

Uamuzi wa pili ni wa upande wa utetezi. Walikuwa na njia mbili. Wangebaki kwa hakimu wapigane kwamba twiti ile ni maoni tu na haikuhujumu chochote, na pengine wangeshinda, lakini ushindi huo ungekuwa wa Bloga peke yake na kifungu kingebaki kinasubiri mtu wa kesho. Au waende juu washambulie kifungu chenyewe. Njia ya pili ni ndefu na ina hatari kwamba ukishindwa umekipa kifungu baraka za Mahakama Kuu. Wakachagua ya pili.

Uamuzi wa tatu ndio naona wa akili zaidi, nao ni walichokiacha. Hawakuifanya twiti kuwa kiini cha kesi, hawakusimama kusema ilikuwa nzuri au ya busara, wakasimama kwenye maandishi ya sheria. Tuyasome pamoja, polepole.

Kifungu kilisema kwamba mtu yeyote ambaye, bila sababu halali ambayo mzigo wa kuithibitisha uko juu yake, anatamka, anachapisha au anafanya jambo lililokusudiwa kuleta dharau, au kuchochea ukaidi, dhidi ya mamlaka halali ya ofisa wa umma au kundi lolote la maofisa wa umma, ana kosa.

Angalia "ofisa wa umma". Rais yumo, sawa. Chifu je? Karani wa kaunti? Askari wa kanjo, yaani wa jiji, aliyebeba mkokoteni wa mama mboga? Wote wamo, na "kundi lolote" maana yake ukisema kanjo wote ni wezi umeshaingia. Angalia "dharau". Hakuna popote sheria inapoieleza. Hakimu wa Kisumu ana dharau yake na wa Garissa ana yake. Halafu angalia kile kipande kilichofichwa katikati, mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Yaani serikali ikishaonyesha ulisema, wewe ndiye unayetakiwa kusimama ueleze kwa nini usifungwe. Wakati ibara ya 50 ya katiba ya 2010 inasema mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ana haki ya kunyamaza.

Hoja ya serikali ilikuwa ile ya siku zote, uhuru wa kujieleza una mipaka. Ni kweli una mipaka, na mipaka yake imeandikwa kwenye ibara ya 33(2): propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kuchochea chuki dhidi ya watu. 33(3) inaongeza kuheshimu haki na sifa za wengine. Zunguka orodha hiyo utakavyo, ofisa wa umma kudharauliwa hayumo. Ukitaka kuongeza mpaka mwingine lazima upite ibara ya 24, ambayo inakudai sheria iwe wazi, lengo liwe la maana, na kusiwe na njia nyepesi zaidi ya kulifikia.

Uamuzi wa nne ni wa jaji. Angeweza kukipunguza kifungu makali, aseme kuanzia leo kisomwe kwa maana nyembamba tu. Hakufanya hivyo. Alikiona kipana mno, hakieleweki, na kinamgeuzia mtuhumiwa mzigo, akakitangaza batili chote na kuendelea kumshtaki Bloga kwacho kukawa kinyume cha katiba. Wenye vyeo kwenye nchi ya kidemokrasia, huo ndio mwelekeo wa hukumu, lazima wavumilie kukosolewa.

Matokeo

Bloga alipona na kesi ile. Kifungu 132 kilianguka. Ukijumlisha na 29 na 194, ndani ya mwaka mmoja hivi vile vifungu vitatu vyote vipendwa vilikuwa vimeondoka, na vyote vimeondolewa na raia wa kawaida walioshtakiwa, bunge halikunyanyua kidole.

Halafu Mei 2018 Rais Uhuru akatia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Kifungu 22 kikaja na kosa la kuchapisha uongo, milioni 5 au miaka 2. Kifungu 23 kikaja na uongo unaoleta taharuki au kuchafua sifa ya mtu, milioni 5 au miaka 10. Kifungu 27, unyanyasaji mtandaoni, milioni 20 au miaka 10. Linganisha na zile elfu 50 na miezi 3 za kifungu 29. Chama cha mabloga, BAKE, kilikimbilia mahakamani na Jaji Mwita, huyuhuyu, akasimamisha vifungu 26 siku moja kabla sheria haijaanza kufanya kazi. Lakini Februari 2020 Jaji Makau alisikiliza kesi yote akasema sheria iko sawa. Mwezi uliofuata corona ikaingia, na mabloga wakaanza kukamatwa kwa kuchapisha uongo.

Kilichofanya kazi

Kushambulia sheria badala ya kutetea twiti, hilo nimeshalisema na sitalirudia. Niongeze la muda. Hukumu ya Bloga haikuja ikiwa yatima, ile ya kifungu 29 ilikuwa imeshatoka na mtu angeweza kuichukua hoja ya sheria isiyoeleweka ikiwa imeshapikwa. Kesi hizi zinabebana. Kila moja inaifupishia inayofuata safari, na wakili anayesoma hukumu za wenzake anamwokolea mteja wake pesa nyingi.

Kingine, hoja ya mzigo wa kuthibitisha. Hii sidhani inapewa sifa inayostahili. Hoja ya uhuru wa kusema inagawanya watu, mwingine atakuambia ah lakini huyu alizidi, rais ni rais bana, lakini mwambie mtu yeyote, hata asiyempenda Bloga hata kidogo, kwamba sheria inamtaka mshtakiwa ndiye ajithibitishe, atashtuka. Ni hoja isiyotegemea kama unaipenda twiti ama huipendi.

Kilichoshindwa

Muda kwanza. Desemba 2014 mpaka Aprili 2017, zaidi ya miaka miwili ya mtu kuwa na kesi ya jinai kichwani kwa sababu ya sentensi nne. Kila mwenye akaunti aliyekuwa anatazama alipata somo lake mapema sana, miaka miwili kabla ya jaji kusema lolote.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Serikali inayotaka kumnyamazisha mtu haihitaji kushinda kesi. Kenya tuna jina la mchezo huu, kamata kamata Fraide. Katiba ibara ya 49 inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za korti basi ni siku inayofuata ya korti. Kwa hiyo ukimkamata mtu Ijumaa jioni una wikendi nzima mkononi, kihalali kabisa. Mei 30, 2025, Ijumaa, walimkamata msanidi programu aliyetengeneza ukurasa wa kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Jumapili ikawa Madaraka, Jumatatu ikawa mapumziko, kortini akafika Jumanne. Wiki kama tatu hivi baadaye hakimu akasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Alishinda, ndiyo, lakini zile siku za seli keshazilala.

Siku chache baada ya msanidi huyo kufikishwa kortini, Juni 2025, mwalimu mmoja aliyekuwa pia bloga alikamatwa Homa Bay kwa posti zilizomhusu mkubwa mmoja wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi kituo cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na kukabwa shingo, mambo yasiyolingana na hadithi ya ukuta. Hakuna hukumu ya Mahakama Kuu kuhusu maneno "dharau" na "mamlaka" ambayo ingemfikia mtu huyo kwa wakati.

Cha mwisho kilichoshindwa ni kwamba kufuta kifungu kimoja kimoja ni kama kufukuza nyani shambani peke yako, ukimtoa upande huu ameshaingia upande ule. 132 ilikufa kwa kosa la kutoeleweka. Walioandika sheria ya 2018 walijifunza, wakaja na "uongo", neno ambalo kwa sikio linaonekana wazi na la haki, nani atatetea uongo? Lakini kwenye siasa, ukisema serikali imeiba na huna risiti, huo ni uongo au ni maoni? Anayeamua mwanzoni ni afisa wa upelelezi, jaji atakuja kuulizwa baadaye sana. Na Oktoba 2025 marekebisho mengine ya sheria hiyohiyo yakatiwa saini, kifungu 27 kikapanuliwa, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu yake. Mzunguko uleule.

Bado naona Bloga na mawakili wake walichagua sawa. Kuna wenzangu wanaobisha kwamba heshima ya rais ndiyo heshima ya nchi, na baada ya 2008 tusicheze. Nawaelewa, ila naona wanachanganya mambo mawili. Kilichoua watu 2008 kilikuwa jirani kuambiwa jirani yake ni adui, na sheria ya kukamata hilo ipo tangu mwaka huo na haikuguswa na hukumu hii hata herufi. Rais kuambiwa ana utoto hakujachoma nyumba ya mtu.

Kwa majirani

Mwaka 2016 Arusha, mtu mmoja alimwita Rais Magufuli "bwege" kwenye Facebook, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akapewa miaka 3 au faini ya milioni 7 za Tanzania. Ukali wa neno ni uleule wa twiti ya Bloga, pengine hata lake ni jepesi. Tofauti ni kwamba kesi yake haikukifuta kifungu alichoshtakiwa nacho. Uganda walichukua njia ya Bloga: kifungu 25 cha sheria yao ya kompyuta ya 2011, mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023, miaka karibu 12 baadaye, tena kwa hoja ileile kwamba hakieleweki.

Ukishikwa wewe au mwenzako

Kwanza ulizia namba ya kifungu, si jina la kosa. Watakuambia "uchochezi" au "matusi kwa serikali" na hayo ni maneno ya mdomo tu, kwenye hati ya mashtaka ni namba. Kama namba ni 132 au 194 ya Kanuni ya Adhabu, au 29 ya sheria ya mawasiliano, mwambie wakili mara moja, hukumu za kuvifuta zipo na anaweza kuzichapisha. Kama ni 22 au 23 ya sheria ya 2018, kazi ni nyingine: aangalie kwanza kama kifungu chenyewe bado kina nguvu, halafu ni neno lipi hasa linadaiwa kuwa uongo na nani ameleta ushahidi kwamba ni uongo, manake hapo mzigo ni wao. Posti usiifute kwa woga kabla hujaihifadhi nzima, pamoja na saa, tarehe na yale maoni yaliyoitangulia, kwa sababu upelelezi utaleta kipande, na kipande bila kilichotangulia husomeka kibaya kuliko ulivyoandika. Na kama ni Ijumaa mchana na simu ya kituo imeshakupigia ikikuita "uje tuongee kidogo", mpigie wakili kabla hujavaa viatu.